Turubai la Kijani

Turubai lilifika saa tatu asubuhi, limekunjwa juu ya mkokoteni, na shemeji mkubwa Léon akitembea mbele yake kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Clotilde aliliona kupitia dirisha lisilo na kioo. Alikuwa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kichwa kimenyolewa, mahali alipokalishwa tangu mumewe azikwe jana. Wanaume wakalikunjua turubai uani. Lilikuwa la kijani. Si kijani cha majani, bali kile cha matope ambacho Likasi nzima ilikuwa imekizoea kwa wiki tatu: kijani cha malori, cha kofia, cha mahema ya wanajeshi yaliyopangwa kando ya reli.

Tumtendee Léon haki, kwa sababu wengi hawakumtendea. Hakuwa mpumbavu. Tangu vita vifike na droni zianze kupita juu, mji ulikuwa na misiba mingi kuliko maturubai. Yale ya kukodi, ya bluu na meupe, yote yalikuwa yametandwa kwenye vilio vya watu wengine. Léon alikuja kwa baiskeli kutoka Kapolowe na gunia la samaki wakavu, akazunguka mitaa ya Kikula siku nzima, kila mlango akiambiwa pole. Mwishowe sajini mmoja akamwazima turubai kwa mafungu mawili ya samaki. Angefanya nini? Mdogo wake aliliwe juani? Watu wa Kapolowe wangemcheka mpaka anaingia kaburini.

Adrien mwenyewe alikuwa fundi wa simu. Meza yake ilikaa ng'ambo ya depo ya reli, na nyuma ya ukuta wa depo wanajeshi walikuwa wameegesha malori ya mafuta. Jumatatu saa nne yalianguka mabomu matatu. Lori moja tu liliungua. Mabomu mengine yalipiga meza za mafundi, mama wa maandazi na wanae, na foleni ya watu waliokuja kuchaji simu. Adrien aliletwa nyumbani ndani ya blanketi. Blanketi lilikuwa jepesi mno kwa mtu wa mwili ule, na wote waliolibeba walilijua hilo wakanyamaza. Clotilde alimtambua kwa mkanda wa suruali, kwa tundu la ziada alilomtobolea yeye mwenyewe kwa msumari wa moto.

Lakini lililokuwa likimla moyo si mkanda. Asubuhi ile Adrien hakutaka kutoka. Alisema tumbo linamsumbua, afadhali apumzike. Clotilde akamwambia unga umeisha, aende walau mpaka saa sita. Naye akaenda, hakubishana, maana hakuwa mtu wa kubishana. Siri hiyo angeimeza tu. Badala yake, katika kulia, alimwambia wifi yake Marcelline, na mpaka jioni ilikuwa imeshazunguka ukoo mzima.

Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena juu ya bomu. Marcelline alimnyoa nywele kwa wembe mkavu, akamvua pete, akamchukulia simu, na kila alipomaliza jambo moja aliuliza swali lilelile kwa sauti ya upole. Bomu lilimuua Adrien, sawa, kila mtu ameona. Nani alimpeleka pale?

*

Clotilde alimwita Marcelline akamnong'oneza juu ya lile turubai la wanajeshi, kwa kuwa mjane hapazi sauti.

"Mulamu, ile bâche ni ya basoda. Angalia rangi yake. Bale ba kule juu batawaza hapa ni camp."

Marcelline alitazama nje, akatikisa kichwa, akaenda kumwambia kaka yake. Léon alikuja mpaka mlangoni. Hakuingia wala hakumtazama. Alizungumza na fremu ya mlango, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Adrien haikuwa imbwa. Kwetu, muntu akikufwa, bantu banalia inje na moto inawaka mpaka siku tatu. Kwenu ku Kasai, minye sijue."

Uani watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kisha wakaendelea kufunga kamba. Clotilde aliinamisha kichwa. Mama yake alimzaa pale stesheni ya Likasi, chini ya turubai, mwaka ule Wakasai walipofukuzwa wakawa wanangoja treni isiyokuja. Alikuwa ameishi mji huu maisha yake yote, akaolewa humu, akazaa humu, na bado neno "kwenu" lilimpata mahali palepale.

Karibu saa tano akaja Papa Bertin, mkuu wa mtaa. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza amri: pasiwe na mkusanyiko wa watu zaidi ya kumi, pasiwe na moshi mchana. Alitazama lile turubai, akatazama gogo la moto wa kilio linalofuka katikati ya uwanja, akatazama watu zaidi ya arobaini waliojikunyata kuuzunguka, maana Julai ya huku baridi yake haina masihara hata jua likiwaka.

"Papa Léon," akasema, "ile kintu ya kule juu haijue kulia. Inaona tu kwenye bantu bako bengi."

Léon akamletea kiti. Marcelline akamletea sahani. Kukataa chakula cha msibani ni kuwatukana wafiwa, na Bertin alimfahamu Adrien tangu utoto. Akakaa. Dakika chache baadaye mwenye amri alikuwa chini ya turubai, akimega bukari, ugali wa huku, na kulalamikia bei ya mafuta. Ndivyo watu wanavyokufa katika mji huu, kwa adabu.

*

Tangu nyaya za umeme kutoka Mwadingusha zikatwe, mashine ya kusaga ya kona ile ilikuwa ikiendeshwa kwa dizeli, na ngurumo yake ilijaa mtaani kutwa nzima. Asubuhi hiyo watu walikuwa wamekurupuka mara mbili, wakakimbia, wakaangusha viti, na mara zote mbili ilikuwa mashine tu. Walirudi wakichekana. Mara ya tatu mtu hujionea haya kukimbia.

Saa sita ilipokaribia, Clotilde alimwona mwenye mashine akipita dirishani, mweupe kwa unga kuanzia nyusi, anakuja kilioni kula. Amefunga kazi. Clotilde akasikiliza. Mashine imezimwa, lakini ngurumo ipo. Nyembamba, haipandi wala haishuki, inazunguka.

Aliwatazama wanawake walioketi naye. Hakuna aliyeinua uso. Akamwambia Marcelline, naye akajibu kwamba ni moulin, ile mashine ya kusaga. Akamwambia moulin imefungwa, mwenyewe yuko nje anakula, na Marcelline akamwambia anyamaze, mjane hachungulii dirishani.

Nje, binti yake Plamedie, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anapita kati ya wanaume na beseni la maji ya kunawa. Mwanawe wa pekee. Alikuwa amefunga kitambaa cha baba yake shingoni. Clotilde alimwita kwa jina. Mtoto akaonyesha kwa kidole kwamba bado upande mmoja haujanawishwa.

Basi akasimama. Wanawake waliguna, mmoja akamshika kanga, ikabaki mkononi mwake. Clotilde akatoka uani na sketi ya ndani na kichwa wazi, jambo ambalo mjane wa jana halifanyi hata nyumba ikiungua, akasema droni iko juu, watoke, watawanyike. Wanaume walitazama juu. Turubai liliwaziba. Wachache waliochungulia pembeni waliona anga jeupe la kiangazi, tupu. Mmoja akasema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, kwamba ni huzuni hiyo. Léon akamwambia arudi ndani asimwaibishe marehemu.

Hawatatoka. Aliliona hilo wazi, na hofu iliyomshika haikuwa ya kufa, ilikuwa ya kutowahi. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kifo kinatoka juu, atainua macho kwanza ahakikishe. Lakini lipo neno moja ambalo hakuna anayelisubiria uhakika, na neno hilo walikuwa wakimzungushia tangu juzi. Clotilde akalichukua.

"Minye njo nilimukula," akasema.

Vidole vikasimama kwenye sahani.

"Adrien alikatala kwenda. Minye nilimutuma. Nilimukula, na nyinye bote nitabakula, hapa hapa, mbele mumalize ile bukari."

Hata hivyo walibaki wameduwaa, na yeye hakuwa na muda wa mshangao wao. Akachomoa gogo linalowaka kutoka kwenye moto wa kilio, ule moto ambao hakuna anayeugusa mpaka siku ya tatu, akampiga nalo Léon begani, cheche zikamwagika shingoni. Kisha akamkamata Plamedie mkono, beseni likaanguka, akamburuta kuelekea barabarani.

"Anaenda kula mutoto," mtu akasema, wala hakupiga kelele, na hapo uwanja mzima ukainuka.

Walimfukuza wote, wanaume na wanawake, Bertin na ukuu wake wa mtaa, Marcelline na mchi wa kinu. Clotilde alikimbia peku juu ya kokoto mpaka magoti yalipomwisha, karibu na mashine ya kusaga. Alimsukuma mtoto mbele, akaanguka. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. La pili lilimpasua nyusi. Marcelline akampiga mchi kinywani, akasikia meno yakivunjika kabla hajasikia maumivu. Walikuwa wengi mno wakigombea nafasi ya kumpiga, wakisukumana, na kila aliyechelewa alikuwa anafika. Yeye chini pale, damu machoni, alikuwa anaomba Mungu wafike wote. Léon akamkanyaga shingo. Akainua tofali kwa mikono miwili.

Ndipo ardhi ilipowatupa.

Bomu halikulia kama watu wanavyosimulia. Kwanza hewa iliondoka vifuani mwao, kisha ukuta wa mashine ukawajia, kisha ndio sauti. Mabati yaliruka juu ya vichwa vyao. Kitu cha moto kikamkata mwenye mashine nyama ya paja, akakaa chini akiishika asiamini kwamba ni yake. La pili likaanguka palepale pa la kwanza. Unga, vumbi na moshi vikachanganyika hata jua likapotea, na katika giza lile la mchana watu walikohoa na kuitana majina.

Moshi ulipopungua waliuona ua wa Adrien. Haukuwapo. Palikuwa na shimo, na pembezoni mwake sufuria moja iliyosimama wima na bukari yake. Turubai la kijani lilikuwa vipande vipande kwenye nyaya za umeme, linawaka taratibu na kudondosha matone meusi ya moto. Watatu hawakuwa wamekimbia: wazee wawili wa Kapolowe ambao magoti hayakuwaruhusu, na Mama Rosalie aliyekuwa akipika, ambaye huenda alibaki chakula kisiungue. Mkono wa Mama Rosalie ulipatikana bado umeshika mwiko. Kwa wale wazee hakikupatikana kitu cha kumwonyesha mtu.

Watu zaidi ya arobaini walisimama barabarani, wazima, na mawe bado mikononi. Bertin peke yake aliliachia lake. Clotilde alinyanyua kichwa amtafute Plamedie. Alimwona anapumua. Sikio la kushoto halikusikia tena kitu chochote, na kwa muda huo hakujali.

*

Kesho yake ukoo ulikaa barazani kwa Bertin, ndani, mapazia yamefungwa, watu kumi tu. Amri ilikuwa inatiiwa sasa. Clotilde alikaa sakafuni na kitambaa mdomoni, bega moja limelegea.

Kesi haikuwa ngumu. Alikiri kwa mdomo wake mbele ya watu wote. Alisema atawala kabla hawajamaliza bukari, na bukari ilipatikana haijamalizwa. Marcelline alisimulia mambo hayo akilia kwa dhati, na tusimwone mnafiki. Alimpenda kaka yake, na alikuwa ameokota vipande vya Mama Rosalie kwa mikono yake. Wana wa wale wazee wawili walikuwa wamefika alfajiri kutoka Kapolowe. Walikaa karibu na mlango, mapanga wameyalaza chini ya viti.

Bertin ndiye aliyeuliza. Aliuliza polepole, akitazama vidole vyake: lile turubai lilitoka wapi?

Mmoja wa wale wana akainua uso, akauliza turubai gani. Clotilde alimtazama Léon. Jasho lilikuwa linamtiririka juu ya lengelenge la shingo, midomo imepauka. Alionekana mzee kuliko wazee aliowaleta kufa. Akasimama upesi akasema kwamba kabla ya hukumu anataka kumhoji mwanamke huyu peke yake, jikoni, kama mkubwa wa ukoo.

Jikoni aliegemea mlango kwa mgongo.

"Uliisikia mbele bomu ianguke?" akauliza.

"Moulin ilikuwa imezima," Clotilde akajibu. Maneno yalimtoka kwa shida katika meno yaliyovunjika.

Léon akajifunika uso. Mabega yakamtikisika, na Clotilde akamwacha alie, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza kulia mbele yake bila kumshtaki. Alimhurumia, na huruma hiyo ilimkasirisha. Kisha Léon akasema kwa kunong'ona kwamba wale watoto wakijua rangi ya turubai watamkata leo hii. Yeye ana watoto sita. Hakumwomba anyamaze, alisema tu ana watoto sita.

Clotilde aliwaza. Angeweza kutoka pale na kusema yote. Bertin angemuunga mkono labda. Wangemkata Léon, kisha wangebaki na swali kwa nini mwanamke alijiita mchawi, na hakuna jibu la swali hilo ambalo watu wenye msiba wanaweza kulisikiliza mpaka mwisho. Na Plamedie angebaki wa ukoo huu, kwa kuwa nasaba ni ya baba na mama amefukuzwa.

"Nipe mutoto," akasema. "Jina ya mulozi nitaenda nayo."

"Mutoto ni wa ndugu yangu."

"Nipe mutoto, Yaya Léon. Kingine sitasema."

Akampa. Waliporudi barazani, Léon akasimama mbele ya ukoo, sauti imemrudia, akasema amemhoji na ameridhika: mwanamke ni mulozi, turubai halina neno, lilikuwa turubai kama maturubai mengine. Aondoke leo. Wengine wakaguna kwamba mtoto abaki. Léon akasita. Alihitaji sababu, na sababu aliyoipata ilikuwa hii.

"Mutoto aende naye. Ile bulozi alimupa mu maziwa."

Plamedie alikuwa amesimama kwenye korido. Alisikia. Shangazi mmoja, aliyekuwa ameshika mkono wake tangu asubuhi, aliuachia na kupangusa kiganja kwenye kanga. Clotilde alikuwa amepata alichoomba. Aliinuka kwa kushika ukuta, hakuna aliyemsaidia.

*

Walitoka alasiri, waende kwa kaka yake David kule Panda. Hawakuwa na mzigo, maana kila kitu kilikuwa kwenye lile shimo. Habari ilishawatangulia. Kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na watu waliotoka kuwaona wakipita, kimya, wamejipanga pande zote mbili kama kunapopita jeneza.

Clotilde aliwatazama mmoja mmoja. Mwenye mashine na paja lake lililofungwa. Mwanamke aliyebaki na kanga yake. Yule mwanamume aliyesema ni huzuni. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi kivuli cha Clotilde kisimguse. Mtoto huyo jana alikuwa amekaa karibu kabisa na moto, anakula kichwa cha samaki. Wote wapo. Wana miguu, wana macho ya kumchukia. Hakutaka kulia mbele yao.

Bertin alivua kofia alipopita. Kisha akaivaa haraka, akatazama kama kuna aliyemwona.

"Mama," Plamedie akasema, "juu ya nini haukubaambia kweli?"

Walikuwa wamefika katikati ya mtaa, mahali pa wazi, na watu walikuwa wamesogea mpaka barabarani, wamebanana, zaidi ya kumi, zaidi ya hamsini. Juu yao anga lilikuwa jeupe. Yeye na sikio lake moja hakuwa na njia ya kujua kuna nini.

Akasimama. Akainua uso juu taratibu, akakaza macho mahali pamoja.

Watu walitimka. Walikanyagana milangoni, viti vikaanguka, akina mama wakanyakua watoto, milango ikapigwa, makomeo yakashushwa. Kwa muda wa kuhesabu kumi mtaa ulibaki mtupu, kandambili moja tu imesahauliwa katikati ya njia.

Plamedie alikuwa amemng'ang'ania mkono, naye anatazama juu.

"Mama, iko inakuya?"

"Apana," Clotilde akasema. "Lakini baache baingie."

Kisha wakaendelea kutembea.